Kamati Kuu ya Kumsaidia Binti Yangu

Ukiitisha mchango wa karo mtaani kwetu Kitengela, utabaki na viti vya kukodi na mchungaji. Simu zitazimwa, watu wataingia mitini, wengine watakumbuka ghafla matanga ya ushago. Lakini hebu tamka mbele ya watu wawili kwamba mtoto wako anaomba nafasi ya kusomea uhandisi chuo kikuu. Kabla hujafika kwako, kamati imeshaundwa, mwenyekiti keshapatikana, na ajenda ya kwanza ni kwamba wewe mzazi hujui ulifanyalo.

Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa Januari 2025, na watahiniwa 246,391 wakapata C+ na kwenda juu, alama inayomfungulia mtu mlango wa digrii. Mmoja wao ni kifunguamimba wangu, aliyeleta nyumbani A- na msimamo. A- niliifurahia. Msimamo ndio ulioniletea wageni. Alisema anataka uhandisi wa mekatroniki, akalisema hilo huku akimega ugali, bila kupandisha sauti wala kuomba ruhusa. Mke wangu akaguna. Kufikia Jumapili mtaa mzima ulikuwa na habari, na mimi sijamwambia mtu.

Mwenyekiti alijiteua. Ni jirani yetu mwenye nyumba za kupangisha, na kwake uhandisi ni mmoja tu, wa ujenzi. "Hapa Kitengela kila wiki kuna msingi unachimbwa," alinieleza, amekaa kwenye kiti changu. "Mwache asome sivil. Hatalala njaa." Namheshimu jirani huyu. Ila siku moja nilimuuliza mhandisi aliyesimamia ghorofa zake ni nani, akamnyooshea kidole fundi mmoja aliyekalia mfuko wa simiti akila chapati kwa madondo. "Injinia, msalimie jirani." Injinia akanisalimia. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya macho yake, na jicho moja lilikuwa na mchanga.

Mji wetu una uhaba wa maji, si wa mainjinia. Anayeunga mabomba ni injinia. Anayefufua simu zilizotumbukia chooni ni injinia. Kijana anayefunga spika mpya kwenye matatu za 110 ni injinia mkuu. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inasema kujiita mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya ni kosa, lakini sheria hiyo nadhani iliteremkia Mlolongo kabla ya kufika kwetu.

Wajumbe wengine waliingia kwa zamu. Dada yangu, ambaye binti humwita shangazi kwa adabu zote na kumkimbia kwa adabu zizo hizo, alilia machozi ya kweli kwa kuwa mtoto wa A- anakataa udaktari. Shemasi wetu alitaka kompyuta kwa sababu dunia inaelekea huko, na alilitamka neno dunia kwa namna ya mtu aliyetoka kuzungumza nayo. Binamu yangu aliye Doha, anayefanya kazi ya ghala, alituma jumbe za sauti usiku wa manane: petroli, kaka, petroli, mafuta ya Turkana yatamtajirisha. Mafuta hayo yaligunduliwa 2012, na mimi hadi leo bado nayasubiri kwenye pampu.

Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuwa anapita na chai.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini mimi, ambaye sina digrii ya uhandisi wala hamu ya kuwa nayo, nilikataa kupiga kura pamoja na wenzangu. Kwa wasiojua Kitengela, maji hapa huja kwa lori. Visima vipo, lakini vingi ni vya maji ya chumvi, ukioga sabuni inagoma kutoa povu na ukipika chai wageni wanakutazama. Kwa hiyo tunanunua boza, na boza halina huruma. Tangi letu limekaa juu ya mnara wa chuma, na miaka yote njia ya kujua limebakiza kiasi gani ilikuwa kuligonga kwa mpini wa ufagio na kusikiliza. Mimi husikia maji hata pasipo na maji. Mara ngapi nimebaki bafuni na povu machoni, nikiita watu kwa majina yao kamili!

Binti alichukua chupa tupu ya plastiki iliyofungwa kizibo, akaining'iniza ndani ya tangi kwenye waya. Akatoa kispika na saketi yake kwenye redio ya marehemu baba yangu, bila kuniomba, redio ambayo nilikuwa nikiihifadhi kwa heshima ndani ya kabati na ambayo haikuwahi kusema neno tangu mzee atutoke. Akaongeza betri za rimoti, ndiyo maana kwa siku kadhaa tulitazama chaneli moja. Maji yakishuka chini ya robo, chupa nayo inashuka, nyaya mbili zinagusana, na jikoni kunalia kidude chenye sauti ya mbu aliyetukanwa. Mke wangu anampigia mtu wa boza kabla mimi sijavua shati. Nikamuuliza binti hiyo ndiyo mekatroniki? Akacheka. "Baba, hapa kuna chupa na umeme tu. Ubongo bado. Mekatroniki ni mitambo, umeme na kompyuta pamoja. Nataka ijipigie yenyewe hiyo simu ya boza."

Mtu akishafika hapo, kumwambia asome udaktari ni kumwonea yeye na wagonjwa.

Basi kamati ikahamia kwenye pointi. Huko ndiko nilikozeekea. Zamani A- ilikuwa A-, unaichinjia mbuzi, mambo yameisha. Siku hizi KUCCPS, shirika la kuwagawia wanafunzi nafasi lililorithi kazi ya bodi ya zamani, JAB, hutazama pia masomo manne yanayohusu kozi. Kila somo lina pointi 12, jumla 48. Halafu kuna jumla ya masomo saba, pointi 84. Hesabu ambayo wazazi tunafundishana ni hii: gawanya za masomo manne kwa 48, gawanya za masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Kipeuo cha pili! Mimi niliachana nacho kidato cha nne tukiwa hatusemezani, na sasa naambiwa ndicho kinachoshika mustakabali wa mtoto wangu. Nilikaa na risiti ya maji na kalamu. Masomo manne 45, yote saba 75. Nikapata 43.9 na maumivu ya shingo. Binti alipata hiyo hiyo kwa simu, akiwa amesimama. Na hata hiyo si ya kuapia, kwa sababu pointi zinazohesabiwa ni zile zitakazoonekana kwenye mfumo wa shirika lenyewe ukiingia, hizi zetu za risiti ni za kujipa moyo.

Kitu cha kweli nilichojifunza hapo, ambacho mwenyekiti alikikataa kabisa, ni habari ya pointi za mwaka uliopita. Mfumo huonyesha kozi fulani katika chuo fulani ilimchukua mtu wa mwisho akiwa na pointi ngapi. Wazazi wengi huiona namba hiyo wakadhani ni sheria. Si sheria. Ni alama ya yule aliyeingia akiwa wa mwisho mwaka ule, na mwaka huu wakiomba wengi wenye nguvu inapanda, wakiomba wachache inashuka. Kwa hiyo unapanga machaguo yako kwa akili: 1a iwe ile unayoiota, inayofuata iwe ile unayoweza kuifikia, na mbele zaidi uweke ambayo hata mambo yakienda mrama hutalala nje. Shangazi yeye alitaka zote ziwe udaktari, kwa vyuo tofauti.

Mwenyekiti hakuona haja ya yote haya. "Hizi pointi ni za wasiojuana na watu," alisema, akashusha sauti. "Mimi najua mtu pale ndani." Kila mtaa wa Kenya una mtu anayejua mtu pale ndani. Nilimwuliza huyo mtu anaitwa nani, yuko ofisi gani, akasema hizo ni habari ndefu, ila yupo, na anataka kitu kidogo cha chai kutangulia. Nafasi hizi hugawanywa na kompyuta. Nilimwambia mwenyekiti ampelekee chai kompyuta.

Kuna jambo moja ambalo kamati nzima, pamoja na kelele zake, haikuligusa, na ndilo lililokuwa na uzito kuliko mengine yote. Ni orodha. Bodi ya Wahandisi huidhinisha programu za uhandisi, kozi kwa kozi, chuo kwa chuo, na orodha yake iko wazi kwa kila mwenye simu. Haitoshi chuo kuwa na jina kubwa na lango la marumaru. Unaweza kukuta chuo kimoja kina kozi iliyomo na nyingine isiyomo, na zote zinafundishwa kwenye jengo moja. Watu wamepata taabu kwa jambo hili. Wahitimu zaidi ya mia moja waliokataliwa kusajiliwa na bodi ya zamani, ile iliyotangulia hii, walipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 wakapewa haki yao. Nawapongeza. Lakini mzazi hulipi karo ya miaka mitano ili mtoto wako aje kuwa mashuhuri kwenye vitabu vya sheria.

Tena majina ya shahada yanafanana kwa makusudi ya kututoa jasho. Iko Shahada ya Sayansi katika uhandisi wa mitambo, umeme na kadhalika. Halafu iko Shahada ya Teknolojia ya Uhandisi. Ukiyasoma haraka, miwani ikiwa imesahaulika kwenye gari, unaona ni kitu kimoja. Mhitimu wa ile ya kwanza huandikishwa na Bodi ya Wahandisi. Wa pili ana bodi yake, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na husajiliwa kama mwanateknolojia wa uhandisi. Hakuna hapo mwerevu na mjinga, viwanda vya Athi River vinawahitaji wote wawili, na mwanateknolojia hodari huenda akamzidi mhandisi mapato. Ila mtoto achague akijua, si agundue mwaka wa tano. Na hata akimaliza, safari bado: anaandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, anafanya kazi angalau miaka mitatu chini ya waliomtangulia, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Fundi wa mwenyekiti alipata cheo hicho akila madondo.

Orodha hiyo tuliisoma usiku na binti, mstari kwa mstari, umeme ukikatika na kurudi. Nasema wazi kwamba hiyo ndiyo saa pekee katika sarakasi yote hii ambayo nilijiona nina faida.

Mke wangu alikuwa na ramani yake. Aliigawa Kenya kwa majaketi. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kina mekatroniki, lakini kiko Nyeri, na Nyeri kwake ni majaketi mawili na kofia ya sufu. Moi kiko Eldoret, mbali, koti moja na maombi. Jomo Kenyatta kiko Juja, kilianza 1981 kwa msaada wa Japani, na mke wangu akaona Wajapani hawawezi kujenga mahali pabaya. Mwenyekiti alitaka Nairobi ili mtoto awe anatoka nyumbani na kurudi kila siku, tuokoe kodi ya chumba. Anayesema hivyo hajakaa Mlolongo saa moja jioni, akitazama ile barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022 ikipitisha wenye pesa zao, huku chini mama mmoja kwenye matatu akimaliza kushona sweta aliyoianzia Bellevue. Mwanafunzi wa uhandisi ana michoro ya kufanya usiku. Ataifanyia wapi, juu ya mgongo wa kondakta?

Tukaenda kujaza maombi. Nilitaka tujaze nyumbani, lakini bando liliisha kwenye ukurasa wa pili, kwa hiyo tukaangukia saiba moja ya mtaani. Foleni yake ilifika kwa muuza mitumba. Nilichokiona pale kilinifanya nisahau hasira zangu zote na kuanza nyingine. Watoto wanaingia peke yao, wazazi wako kazini, na kijana wa saiba, ambaye ana foleni ya kumaliza, anawachagulia. "Una B? Ngoja nikuwekee hii, iko wazi." Bonyeza, bonyeza, mwingine. Miaka mitano ya maisha ya mtu imeamuliwa na kijana aliyekuwa akitafuna karanga. Kumbe ada ni shilingi 1,500, na mtu huongeza kidogo ya saiba, akaondoka na kozi ambayo hajui hata inatamkwaje.

Zamu yetu ilipofika, tukakwama mlangoni. Mfumo unataka nambari ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani, na nambari ya cheti cha kuzaliwa. Binti akaisoma. Ikakataa. Akaisoma tena polepole, kijana wa saiba akaibonyeza kwa kidole kimoja. Ikakataa. Nyuma yetu watu wakaanza kupumua kwa nguvu. Cheti cha kuzaliwa kina nambari zaidi ya moja, moja kule na nyingine huku, na hizi mbili zinachukiana. Inayotakiwa ni ile aliyosajiliwa nayo shuleni kufanyia mtihani. Mke wangu alitoa kwenye mkoba bahasha ya kaki iliyokunjwa kunjwa, ndani yake mna kila karatasi ya mtoto tangu kadi ya chanjo, akachomoa nakala ya fomu ya usajili. Mlango ukafunguka. Kamati nzima ilikuwa haijui kwamba bahasha hiyo ipo.

Mjumbe wa mwisho ndiye niliyemwogopa kabla hajafika. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfugaji wa upande wa Bissil, ng'ambo ya Kajiado mjini. Huja na maziwa kwenye kibuyu na maneno machache. Binti alimwinamishia kichwa, naye akamgusa utosini kama ilivyo desturi ya kwao, wakaketi. Nikajiandaa kusikia habari ya udaktari wa mifugo. Shemeji akanywa chai yote kwanza. Kisha akamgeukia mtoto, si mimi.

"Hiyo kitu unaenda kusoma, inaweza kupandisha maji?"

Binti akasema inaweza, akamweleza habari ya pampu inayojiwasha kwa jua na kujizima yenyewe kisima kikipungua. Shemeji alipoteza mifugo mingi katika ukame wa 2022, kama majirani zake wengi, na anakijua kisima kwa namna ambayo sisi wa boza hatukijui. Akamuuliza jua likizama inakuwaje. Akamuuliza vumbi likiingia je. Akamuuliza kwa nini bomba la Nol-Turesh linatoa maji chini ya Kilimanjaro kule Oloitoktok, linavuka Kajiado nzima likielekea Machakos na Athi River, na bado dada yake hapa Kitengela ananunua maji ya lori. Na kwa nini visima vingine vya kwao vinawatia watoto meno ya kahawia. Hilo la meno binti alilijua, ni madini ya floridi yaliyozidi ndani ya maji. Hilo la bomba hakuwa na jibu, akaliandika kwenye daftari. Ulikuwa usaili, na mtoto alifanyiwa na mtu asiyejua kusoma, na ulikuwa mgumu kuliko wowote atakaokutana nao.

Wiki iliyofuata shemeji aliuza dume moja sokoni Bissil, akatuma pesa za kompyuta ya mkononi. Akanipigia kuniambia nisimtajie mtoto ni dume yupi.

Nafasi ilitoka, Juja, mekatroniki. Shangazi akalia tena, safari hii akisema alijua tangu mwanzo. Nilidhani kamati itavunjwa, kumbe imehamia kwenye pesa, si kuzitoa, bali kunishauri jinsi ya kuziomba. Ule mpango wa ufadhili ulioanza 2023 humgawia mwanafunzi msaada kwa kupima uwezo wa familia. Kwa madaraja matano yaliyotumika mwaka 2024, familia ya chini kabisa ilikuwa ichangie asilimia 5 ya gharama na zinazobaki ziwe msaada na mkopo. Ya juu, yenye kipato cha zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwezi, ilikuwa ichangie asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo hauendani na Katiba, mambo yakapelekwa Mahakama ya Rufaa, na wazazi tukaendelea kusoma magazeti kwa jicho moja na risiti za karo kwa la pili.

Ushauri wa kamati kuhusu fomu ulikuwa mmoja: danganya. Mwenyekiti akasema niandike tunaishi kwenye mabati ya kukodi. Shemasi, shemasi jamani, akasema watoto waongezwe, wawili watatu hivi. Dada yangu wa damu akapendekeza niandikwe marehemu. Niko hapo, nimeshika kikombe, nasikiliza nikizikwa ili asilimia zishuke. Nikawaambia tutajaza ukweli, na mke wangu akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikamwuliza mwenyekiti, ili tubadilishe mazungumzo, kijana wake wa kidato cha tatu anaendeleaje, kwa kuwa nasikia naye atakuwa mhandisi wa kuja kusimamia ghorofa za baba. Akapanua kifua. Akasema sivil, bila shaka, jina lishachorwa hata kwenye mlango wa pikapu. Binti yangu, aliyekuwa anaondoa vikombe, akasema kwa upole, "Lakini mzee, yeye si aliacha Fizikia? Alichukua Biashara."

Sijawahi kusikia sebule yetu ikinyamaza vile. Kozi za uhandisi hudai Hisabati, Fizikia na Kemia, na kwa kawaida si chini ya C+ kwa kila moja. Asiyefanya Fizikia hata akipata A ya wastani, mfumo hautamfungulia mlango huo. Na mtoto wa mtaala wa zamani alikuwa akiacha Fizikia mwishoni mwa kidato cha pili, siku ambayo hakuna mzazi shuleni, hakuna kamati, hakuna ujumbe wa sauti kutoka Doha. Anachukua fomu, anatazama marafiki wanachagua nini, anatia alama. Mwenyekiti alikuwa ameshughulika na binti yangu miezi yote hii, wa kwake akapita pembeni.

Tulimpa maziwa ya shemeji anywe kwanza. Kisha binti akamweleza kwamba njia hazijafungwa zote, kwamba kuna vyuo vya kiufundi, hata Kajiado mjini ipo Masai Technical Training Institute, lakini masharti ya kila kozi yasomwe mapema na yasomwe na kijana mwenyewe. Na wale walio na watoto wa mtaala mpya wasicheke, kwa sababu kundi la kwanza la gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na mkondo wa sayansi au wa kitu kingine unachaguliwa mtoto akiwa gredi ya 9, akiwa bado anaogopa kulala bila taa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu mwenye mtoto wa kidato cha tatu, kabla hujaja kunishauri kuhusu wangu, muulize wako leo jioni kama bado anasoma Fizikia.